Tupeane uzoefu: jirani wa ua mmoja anapopangisha wageni wa siku mbili tatu

Mwana Shangani: Ndugu zangu, tunaishi familia sita ndani ya geti moja hapa Mtwara, na kisima, simtanki na mlinzi ni vya wote. Mwenzetu ameanza kupangisha vyumba vyake kwa siku, na msimu wa korosho ukifika, wanunuzi na madereva wakijaa mjini, geti halifungwi tena. Waliopitia hali hii, mliishi nayo vipi?

Mkazi wa Mikindani: Yametukuta. Ufunguo wa geti ulichongeshwa mpaka hatukujua uko kwa nani.

Mama wa Lindi: Siku tuliyofiwa na mama mkwe wangu, wageni wa jirani walioga na kufua tangu alfajiri, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba uani kuna msiba. Waosha maiti walipofungua bomba, likakohoa hewa mara mbili na kunyamaza. Vijana wakakimbia na madumu mtaa wa pili, na maziko yaliyopangwa baada ya adhuhuri yakasogea hadi alasiri. Tukiwa tumeketi mkekani, mgeni mmoja akatoka na taulo kiunoni, akapita katikati yetu akiuliza maji yatarudi saa ngapi. Yeye simlaumu. Ninamlaumu jirani aliyepokea fedha, akasafiri kwenda Masasi bila kumwachia hata mlinzi maagizo.

Mkazi wa Mikindani: Pole sana dada. Mungu amrehemu marehemu.

Mwenye Nyumba: Poleni kwa msiba, lakini msituhukumu sote. Miaka ile bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa likijengwa, kila mwenye chumba Mtwara alipangisha na hakuna aliyelalamika. Leo wageni wa siku ndio wanaonilipia ada za watoto.

Mwana Shangani: Usifananishe, kaka. Wale walipanga kwa miezi na mlinzi aliwajua kwa sura. Hawa hubadilika kila asubuhi.

Mwenye Nyumba: Basi afundishwe mlinzi, nisinyimwe mimi riziki.

Mzee wa Mtaa: Katazeni kabisa. Ua wa familia si gesti.

Mkazi wa Kilwa Masoko: Mzee wangu, kwa heshima, kukataza kutawafanya wapangishe kwa siri. Kwetu wageni huja kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na tulikubaliana kikaoni kwamba kila mgeni aandikwe kwenye daftari la mlinzi, mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa, na mwenye kupangisha awe na simtanki lake na LUKU yake ya umeme. Akisafiri, anamwacha mtu wa kujibu badala yake.

Mama wa Lindi: Ongezeni kwamba palipo na msiba, wageni waambiwe mara moja au wahamishiwe kwingine.

Mwana Shangani: Ninayapeleka kikaoni Jumapili, pamoja na suala la ufunguo. Mkazi wa Kilwa, daftari hilo hulikagua nani, mlinzi peke yake au kamati ya ua?