Nguruwe mwitu: mshale unalengwa wapi hasa?

Mkulima_Njoro: Wadau, niko Njoro upande wa msitu wa Mau. Nguruwe mwitu wanamaliza mahindi yangu. Upinde ninao, na hatua ishirini nagonga debe bila shida. Mshale uingie wapi ili mnyama asiende mbali? Naomba mwenye kujua, sio mahubiri.

Mwalimu_Ahero: Mahubiri utayapata tu. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijakuacha nje. Piga ripoti KWS, shirika la wanyamapori.

Omwami_Kak: Babu yangu alikuwa na mbwa watatu, mmoja anaitwa Simba. Dume la nguruwe lilimpasua Simba tumbo, babu akakaa juu ya mti mpaka alfajiri. Mpaka anazeeka alikuwa anasema alipanda kutafuta asali.

Jaluo_Windhoek: Huku Namibia upinde ni halali ukiwa na kibali. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kumwaga damu, kwa hiyo lenga mapafu na moyo. Ngoja asimame ubavu, au akupe mgongo kidogo. Fuata mguu wa mbele, panda theluthi ya mwili kutoka chini. Moyo uko chini na mbele kuliko unavyodhani. Akikutazama uso kwa uso, shusha upinde. Baadaye soma damu: yenye povu ni mapafu, nyeusi-nyeusi ni ini. Kijani ni utumbo, na huyo hafuatwi upesi. Lakini ndugu, mbona kama umeshapiga?

Mkulima_Njoro: Jana usiku. Mshale nimeuokota, una kijani na unanuka. Nimpe saa ngapi?

Jaluo_Windhoek: Sita kwenda juu. Na usiingie msituni peke yako, nguruwe mwenye jeraha ni hatari. Waite KWS wammalize.

Nyar_Kisumu: Mimi nauliza nyama. Ilikuwa inaenda wapi?

Mkulima_Njoro: Hiyo sikutaka kuiingiza. Jamaa wa kibanda alinitangulizia elfu mbili, nikaongezea karo. Sasa KWS nitawaitaje? Na si wizi, ni mahindi yangu yaliyogeuka nyama.

Kijana_Pipeline: Kumbe ndiyo maana mutura wa juzi ulikuwa na ladha ya msitu.

Mama_Molo: Ngojeni kwanza. Huu ni mwezi wa tatu. Sisi huku bado tunangoja mvua ndiyo tupande. Hayo mahindi yanaliwa shamba gani?

Mkulima_Njoro: Nilimaanisha viazi.

Mama_Molo: Viazi navyo tunapanda na mvua hiyo hiyo, mwanangu.

Omwami_Kak: Hata babu alijipanga vizuri kuliko wewe.

Kijana_Pipeline: Njoro kuna mtu amepoteza nguruwe wa kufuga? Aangalie zizi.

Nyar_Kisumu: Elfu mbili naziamini. Nguruwe ndiye simwoni.

Mkulima_Njoro: Chekeni tu. Huyo wa kibanda amepiga simu mara tatu tangu saa kumi. Nikishika nimwambie nini?