Fundi amechokonolea meno kijiti cha beringi yangu. Narudia: AMECHOKONOLEA MENO

KusiMkali (mwenye uzi)

Wana Malindi, na nyie wa Watamu, Gede mpaka Mambrui, salaam aleikum. Mikono bado ina grisi na roho bado yanidunda. Simtaji mtu. Hakuna haja. Kila mwenye pikipiki mji huu anamjua: yule mwenye presi, ile mashine ya kusukumia vyuma, yule anayeimba akishika nyundo, yule ambaye kwake kila pikipiki "ina kashida kadogo tu". Huyo huyo. Leo ameokota kijiti cha beringi yangu mpya, kile kichuma chembamba kinachozunguka ndani yake, akakiokota mchangani, akachokonolea meno. Mbele yangu. Mbele ya watu.

Mnajua masika yalivyo. Mwezi wa tano hoteli nusu zimefungwa, njia ya Marafa ni tope tupu, mtalii wa kumzungusha hakuna. Huu ndio wakati wa kuivua pikipiki mpaka mifupa. Mtaliano aliyeniuzia hii Suzuki DR-Z400 aliniambia kwao kazi hii hufanywa majira ya baridi, theluji ikishafunga njia, mtu anajifungia gereji na makopo yake ya grisi. Sisi theluji hatuna, lakini mvua tunayo, kusi tunayo, na chumvi tunayo ya kuuza. Chumvi ya bahari, chumvi ya upepo, na ukipita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi ndiyo unarudi nayo mpaka kwenye nyusi. Watu wanapangusa tangi, wanapaka cheni mafuta, wanajiona wametunza pikipiki. Swingamu, ule mkono wa nyuma unaoshika tairi, haukumbukwi na mtu mpaka siku mkia uanze kuyumba kwenye kona.

Mimi niliukumbuka. Nikaipandisha pikipiki juu ya kreti, nikatoa tairi la nyuma, nikafungua shokabzoba, nikashika swingamu kwa mikono miwili nikaisukuma kushoto kulia. Ka, ka, ka. Inacheza. Boliti kuu ikatoka na unga mwekundu wa kutu. Ndani, zile beringi za sindano, vijiti vimekauka kau, grisi imekuwa udongo, na ile bushi, kile kibomba cha chuma cha katikati, imechimbika mistari upande mmoja, ukipitisha ukucha unakwama. Ndivyo zinavyokufa hizi. Beringi ya gurudumu inazunguka duara zima, lakini ya swingamu inakwenda juu chini, juu chini, mle mle kwenye kipande kidogo, na kila shimo la barabara linapiga pale pale. Maji yakishapita kwenye sili, ile pete ya mpira ya kuyazuia, na kufukuza grisi, imekwisha.

Nikaagiza mpya Mombasa. Beringi, sili na bushi zake. Zimelala usiku kucha kwenye friza ya mama, katikati ya pakiti za nguru, ili zisinyae kidogo, maana swingamu ni alumini, ukiipasha moto inatanuka na beringi ya baridi inateleza ndani bila vita. Asubuhi nimezitia kwenye ndoo ya barafu, swingamu begani, nikaenda kwake kwa sababu moja tu: ANA PRESI. Nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee, naomba unisukumie hizi taratibu, upande wenye maandishi uwe ndio unaosukumwa, maana ndio mgumu."

Akacheka. Akawageukia wale vijana wa kwenye benchi, mnawajua, hawana pikipiki hata mmoja lakini hawakosi pale, akasema, "Huyu kaja na beringi kwenye barafu. Anauza changu?" Changu samaki! Benchi zima likaanguka. Nikanyamaza. Akaitega beringi kwenye tundu, akanyoosha mkono, nikajua sasa anakwenda kwenye presi. Akashika nyundo. NYUNDO! Presi iko pale, hatua moja, imewekewa kikombe cha chai juu yake. Pa! Ukingo ukajikunja. Pa! Ganda likapinda, vijiti vikamwagika chini kwenye ule mchanga mweusi wa mafuta machafu, vinang'aa.

Akainama. Wallahi nilidhani anavikusanya aniombe radhi. Akaokota kimoja, akakifuta kwenye suruali, akafungua mdomo, akaanza kuchokonoa. Gego la kushoto. Bila haraka. Macho yake kwenye macho yangu! Akatema pembeni, akasema, "Hii ilikuwa feki, kijana. Lete nyingine." Halafu akanidai 300 za kazi.

Kazi gani? Ya kuchokonoa? Mamba wa mto Galana akimaliza mbuzi ana adabu kuliko huyu. Msiniambie niende kwa fundi mwingine. Msiniambie nidai pesa. Mimi nataka mtu mmoja tu hapa anieleze: mtu mzima, mwenye wajukuu, anaivunja beringi ya mwenzake, halafu anaichokonolea meno? Nyundo nasamehe. Kikombe cha chai juu ya presi nasamehe. Yale meno sisamehi mpaka kiama.

MtotoWaMuyeye

Nimemjua uliposema presi tu. Mimi alinifungia breki ya nyuma, kufika nyumbani kila nikikanyaga breki honi inalia. Nikamrudia. Akaniambia "si ndiyo salama zaidi, watu watakusikia unasimama."

AmiWaGanda

Huyo huyo alinibadilishia cheni akabakiwa na nati mbili mkononi. Nikamuuliza hizi za wapi? Akasema "za akiba". Akatia mfukoni.

MkaziWaSabaki

Swali muhimu hajaulizwa. Alikuwa amekula nini?

KusiMkali

Inahusu nini alichokula?

MkaziWaSabaki

Inahusu sana, ndugu yangu. Kama jana usiku alipita kwa yule wa mishkaki, mimi namwonea huruma. Ile nyama haitoki kwa njiti za dukani. Ile inataka chuma.

GrisiTupu

Pole kaka. Kwa faida ya wengine, presi si lazima. Tafuta boliti ndefu yenye uzi urefu wote, nati zake, washa nene (zile pete bapa za chuma), na soketi moja ya spana inayolingana na ukingo wa beringi. Unaivuta ndani kwa kukaza nati kidogo kidogo, inaingia imenyooka. Ganda la beringi ya sindano ni bati jembamba, ndiyo maana nyundo inalikunja, na likipinda kidogo tu vijiti vinabana, hata kama havikumwagika. Kabla hujatoa ya zamani pima imeingia ndani kiasi gani, kwa sababu sili nayo inataka nafasi yake. Ukiizamisha au ukiiacha nje, sili haikai. Vijiti vijaze grisi nzito isiyooshwa na maji, ile wanayotumia watu wa maboti, usibanie. Midomo ya sili pia ipake. Mwisho kaza nati kuu kwa spana ya kipimo, kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, halafu kabla ya kurudisha shokabzoba ipandishe na kuishusha swingamu kwa mkono: iende laini, isicheze kushoto kulia.

KusiMkali

Ahsante, lakini hujasoma. MENO, ndugu yangu. Alichokonoa meno.

GrisiTupu

Nimesoma. Nakwambia ukitumia boliti ndefu hakuna mtu atakayekuwepo wa kuchokonoa.

BintiWaBarani

Hahahaa jamani mbavu zangu. "Anauza changu?" Huyo mzee apewe redio.

KusiMkali

Dada yangu, hilo si la kuchekesha. Ile beringi imetoka Mombasa.

PimaKwanza

Mimi nina shaka na habari hii. Vijiti vya beringi za swingamu si vyembamba hivyo, na ncha zake ni butu. Vinaingiaje katikati ya meno?

KusiMkali

ANA PENGO! Kila mtu anajua ana pengo! Unamtetea?

PimaKwanza

Simtetei. Kama ana pengo basi hakuchokonoa, alipitisha tu.

MtotoWaMuyeye

Hahahaa. "Alipitisha tu." Kesi imefungwa.

MzeeWaMaweni

Nyie vijana mnajitafutia. Pikipiki zetu za boda nyingi swingamu ni bushi tu, inaisha unagonga nyingine, maisha yanaendelea. Wewe umenunua mtambo wa Mtaliano una vijiti ndani, mpaka ulale na nguru frizani. Uza, nunua ya boda, upumzike.

KusiMkali

Mzee wangu, kwa heshima, hata bushi hawazitii grisi. Ile bushi ikikauka inakula boliti, boliti inakula fremu, na siku unavuka daraja la Sabaki na abiria wawili nyuma, mkia unakwenda Mambrui wewe unakwenda Malindi. Na hata kama ningekuwa na bushi, angechokonolea meno bushi?

MzeeWaMaweni

Bushi haiingii mdomoni. Ndiyo nakwambia nunua ya boda.

UpepoWaKaskazi

Tuseme ukweli, wa kulaumiwa ni wale vijana wa kuosha pikipiki kwa presha. Unamwambia osha tairi, anaelekeza mpira kwenye sili ya swingamu, kwenye beringi za gurudumu, kwenye kichwa cha usukani, mpaka grisi yote inatoka na unaiona inaelea kwenye mtaro. Yule mmoja, mnamjua, yule wa viatu vya mpira, alinioshea pikipiki na simu yangu ikiwa juu ya kiti.

AmiWaGanda

Yule wa viatu vya mpira! Alinipa pikipiki safi, kofia yangu imejaa maji. Nimeivaa.

BintiWaBarani

Mafundi wote ni ukoo mmoja. Mimi nilipeleka kanzu ya mume wangu kwa yule fundi cherehani, mnamjua, wa "njoo kesho". Nimekwenda kesho, nimekwenda kesho kutwa, Idi ikafika. Kanzu kaipata, mkono mmoja unafika kwenye kiwiko. Nikamwuliza, akaniambia "ukikunja na ule mwingine zitalingana."

KusiMkali

Pole dada, lakini uzi huu ni wa beringi.

MtotoWaMuyeye

Na wa mishkaki.

MkaziWaSabaki

Uzi huu tangu mwanzo ni wa mishkaki. Jamani, yule mtu lazima tumkalishe chini. Juzi nimetafuna kipande kimoja kuanzia adhana ya magharibi mpaka ya isha. Nikamwambia, akasema "ni ng'ombe wa kutembea". Ametembea kutoka wapi, Garissa?

UpepoWaKaskazi

Wewe unakula kwa yule wa upande wa pwani, ndiyo shida. Vuka barabara, kuna yule mwingine mwenye ukwaju wa pilipili. Nyama ile unaibonyeza kwa ulimi.

MkaziWaSabaki

Yule wa ukwaju? Yule anapunguza. Zamani kijiti kilikuwa na vipande vinne, sasa vitatu na mafuta katikati. Nilimhesabia mbele ya wateja.

AmiWaGanda

Mafuta ndiyo utamu.

MkaziWaSabaki

Mafuta ndiyo utamu ukiwa umenunua mafuta. Mimi nilinunua nyama.

KusiMkali

Nimerudi kutoka kununua boliti ndefu. Nimempita. Amekaa pale pale, benchi limejaa. Aliponiona akapeleka kidole kwenye gego. Jamani! GEGO LILE LILE!

PimaKwanza

Boliti ni ya unene gani? Hakikisha inapita kwenye tundu la beringi na washa zake.

GrisiTupu

Na nati zitie mafuta kabla ya kukaza, uzi usije ukajila.

KusiMkali

Nimewaambia alipeleka kidole kwenye gego!

BintiWaBarani

Tumesikia kaka, pole. Jamani mmegusa chakula, nami nitoe langu. Yule mama wa mahamri na mbaazi, wa asubuhi, ambaye zamani watu walipanga foleni kabla jua halijatoka. Sasa hamri ni jepesi, ukilipasua ndani hewa tupu, na iliki sijui ilienda wapi.

MzeeWaMaweni

Huyo usimguse. Huyo kanilea.

BintiWaBarani

Mzee wangu, alikulea zamani. Nenda leo ukaangalie.

UpepoWaKaskazi

Hamri si mbaya. Tatizo ni mbaazi. Nazi ameifanyia ubahili, mbaazi ziko chini, maji yako juu, wewe unavua.

MzeeWaMaweni

Mvua imenyesha, nazi mbichi imepanda bei, nyie mnataka afanye nini? Aikamue mara ngapi?

BintiWaBarani

Mara ya kwanza atie hiyo tui nzito kwetu, mara ya pili atie kwa wanaomtetea.

AmiWaGanda

Mimi simtetei mtu, nauliza tu: siku hizi bado anafungua kabla ya saa kumi na mbili? Kesho asubuhi napita na abiria wa Kakuyuni.

UpepoWaKaskazi

Anafungua, lakini beba chenji. Ukimpa noti kubwa anakwambia "utanidai kesho", na kesho anasema hakujui.

MzeeWaMaweni

Hakujui kwa sababu hukusalimia.