Hadubini ukungu mtupu nikifika 40, nakosea wapi?

mwl_chamwino: Wakuu habari za jioni, nafundisha baiolojia huku Chamwino. Ngozi ya kitunguu kwa lenzi ya 10 (ya kukuza mara 10) naiona safi ila nikigeuza ya 40 ni ukungu tupu, nikazungusha skrubu kubwa ya kuleta picha sawa wee mpaka nikasikia tak, slaidi imepasuka. Jumatatu kuna praktiko jamani.

fundi_maabara: Pole mwalimu ila hiyo umeivunja mwenyewe 😂 kwenye 40 lenzi na kioo vinaachana hata milimita moja haifiki, skrubu kubwa usiiguse tena, cheza na ndogo tu. Anza na 4, weka seli katikati, panda 10 ndo uende 40.

dada_lab_dom: Cheki pia kama slaidi hukuipindua, kile kioo chembamba cha kufunikia kikiwa chini 10 inakubali, 40 inagoma kabisa. Na lenzi ifute kwa karatasi yake, sio shati, vumbi letu la Dodoma lina mchanga litaichuna.

mwl_chamwino: Duh nimeangalia sasa hivi, lenzi ya 40 ina mafuta!

fundi_maabara: Basi ndo mchawi huyo, mafuta ni ya lenzi ya 100 peke yake. Ukishafuta lenzi, kitunguu kitie tone la ayodini, punguza na mwanga kidogo, kuta za seli zitajichora.