Jenerali mwenye hati ya kukamatwa: amani kwanza, au tulidanganywa?

Wadau, kila yanapoanza mazungumzo ya amani mashariki ya Kongo hakosi mtu wa kusema: wapeni makamanda vyeo, bunduki zinyamaze, haki itafuata. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi huko huko mashariki ya Kongo.

ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, ilitoa hati ya kumkamata 2006, ikaiweka hadharani Aprili 2008. Mwaka uliofuata waasi wa CNDP, kundi lake, wakaingizwa FARDC, jeshi la Kongo, na yeye akavaa sare ya taifa akiwa jenerali. Hakujificha. Pale Goma watu walimwona akicheza tenisi na kula mikahawani, mji uleule uliojaa askari wa Umoja wa Mataifa.

Rais wa Kongo wakati ule, Joseph Kabila, alijitetea kwamba amani ndiyo inayotangulia. Tusimbeze. Mwishoni mwa 2008 CNDP ilikuwa mlangoni pa Goma, na mama aliyelala na wanawe kwenye kambi ya Kibati hakuwa na muda wa kuwaza habari za The Hague.

Ila amani yenyewe ilidumu miaka mitatu tu. Wapiganaji wake waliendelea kumtii yeye, sare au si sare. Aprili 2012 alipoona mambo yanamgeukia, akaasi. Likazaliwa kundi jipya la waasi, M23 (jina lenyewe linatokana na makubaliano ya amani ya 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP!), na Novemba Goma ikatekwa. Mwisho wa siku hakuna aliyemkamata: Machi 2013 alijipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani, Kigali.

Mtasema wakati ule alikuwa mtuhumiwa tu. Sawa. Lakini mhasibu akishukiwa kula hela za ofisi, hukaa pembeni uchunguzi uishe, hapandishwi cheo. 2019 ICC ilimtia hatiani kwa makosa 18, ikamfunga miaka 30. Kati ya yaliyothibitishwa ni ya Kobu, Ituri, 2003: watu wasiopungua 49 waliokuwa wameshikwa waliuawa kwenye shamba la migomba. Miaka yote ile ya tenisi, ndugu zao walikuwa raia wa serikali iliyomvisha nyota.

Mimi ningesema wapiganaji waingie jeshini, mwenye hati abaki nje. Angekubali? Huenda vita vingeendelea, na hapo ndipo hoja yangu inapolegea. Nyinyi wa "amani kwanza", anzieni hapo.