Tupeane uzoefu: Kujitolea na klabu za huduma hapa Tanga, siku gani hutaisahau?

MwanaChumbageni
Habari za jioni wadau. Leo nimepita Tangamano nikakuta vijana wenye vizibao vya njano wanachangisha damu chini ya turubai, nikakumbuka enzi zangu za kubeba viti vya plastiki kila Jumamosi. Najua wengi humu mmepitia klabu hizi, iwe Lions, iwe Rotary, iwe vikundi vyetu vya mtaani. Kila mtu amwage lake: siku gani ilikutoa jasho? Na mwenye ushauri atoe, kuna vijana wa Makorora wanataka kuanzisha kikundi na wananiuliza waanzie wapi.

Barabara_ya_12
Ya damu naijua vizuri. Ramadhani ikiingia, au shule zikifungwa, ndipo benki ya damu inakauka, maana wachangiaji wakubwa ni wanafunzi. Mwaka mmoja tukaamua twende usiku. Meza tukaweka karibu na msikiti baada ya tarawehe, watu wameshafuturu na maji wameshakunywa. Walijitokeza hadi wahudumu wakaishiwa mifuko. Masharti yale yale: kilo 50 kwenda juu, miaka 18 hadi 65, mwanamume anarudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mtu akipimwa akaonekana damu yake haitoshi, mwacheni aende zake kwa heshima. Msimbane kwa kuwa mnatafuta idadi.

BintiMabawa
Tarawehe ndiyo wakati wake kabisa. Naunga mkono.

Nahodha_Kigombe
Mie naomba nizungumzie mikoko, linaniuma hili. Kila mwaka watu wanashuka na magari, wanapanda mikoko kwenye mchanga mweupe pwani ya wazi kwa sababu ndipo picha zinapotoka vizuri. Bamvu moja tu, yale maji makubwa ya mwezi, yote imekwenda nayo. Mkoko unataka tope, pahala maji yanapojaa na kupwa kwa utulivu. Mbegu yake ile ndefu unaichomeka kwa upande uliochongoka, kichwa kinabaki juu. Ulizeni wavuvi kabla hamjachagua pahala. Tupo, hatulipishi.

MjukuuWaMuheza
Yangu ni kambi ya macho. Gari lilitoka Muheza alfajiri limejaa wazee, kila mmoja kashikwa mkono na mjukuu. Watu wanadhani kazi ngumu iko kwenye upasuaji. Upasuaji wa mtoto wa jicho hauchukui muda mrefu: ganzi, lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, kesho yake jicho linafunguliwa. Kazi ngumu ni meza ya kwanza, pale anapopangwa nani anaingia na nani anarudi nyumbani. Presha ikiwa juu, anaahirishwa. Sukari ikiwa juu, anaahirishwa.

Babu mmoja alipimwa akaambiwa hana mtoto wa jicho, ana presha ya macho, na uoni uliokwishapotea kwa ugonjwa huo haurudi. Hakumuuliza daktari. Alinigeukia mie niliyeshika daftari: "Hata nikingoja, mwanangu?" Hadi leo sijapata jibu la kumpa.

Ushauri wangu: presha na sukari zipimwe kijijini kabla gari halijaondoka, na daktari wa macho au mhudumu wake atangulie kuwachuja wagonjwa. Mtu akataliwe akiwa kwao, amezungukwa na wake, si mbele ya umati wa mjini.

Mlinzi_wa_Imani
Ndugu zangu msijisahau. Hizi klabu za kigeni ni mlango wa Frimasoni. Jiulizeni kwa nini wana beji na alama.

Mstaafu_Bandari
Hata kitambulisho changu cha bandari kilikuwa na alama. Kijana, haya mambo yako wazi. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris. Lions nayo Chicago, 1917. Habari ya macho Lions waliombwa mwaka 1925 na Helen Keller, mwanamke aliyekuwa haoni wala hasikii, nao wakaitikia. Rotary wakaishika polio tangu 1985, na Agosti 2020 ikatangazwa kwamba Afrika haina tena virusi vya asili vya polio. Maneno kama haya yako yalimfanya bibi mmoja wa Mkinga agome kushuka garini, kaambiwa huko macho yananyofolewa. Akarudi kwao haoni. Hilo nalo liweke kwenye mizani ya imani.

Mlinzi_wa_Imani
Sijasema wasisaidie. Nimesema watu wawe macho.

BintiMabawa
Wawe macho vipi na wewe unawazuia wasitibiwe? Hebu tuendelee na uzi.

MamaHazina
Asalaam aleikum. Nilitaka nisome tu nipite, ila hiyo "hata nikingoja" imenitoa machozi, basi na mie niseme yangu.

Nilikuwa mweka hazina wa klabu yetu. Tuliletewa mtoto wa kike kutoka upande wa Pongwe, alikuwa hata darasa la kwanza hajaanza. Moyo wake ulikuwa na tundu. Rufaa alishapewa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kilichokosekana ni gharama, nauli, na pa kukaa mama yake siku zote hizo.

Tanga ilichanga, jamani. Tulifanya matembezi ya hisani kutoka Tangamano hadi Raskazone, waendesha baskeli mbele, akina mama wa vikoba nyuma wakiimba. Wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea walitoa samaki tukafanya mnada palepale. Mtu akinunua nguru, anamrudisha mezani auzwe tena. Nguru mmoja aliuzwa hata akalegea. Tukachapisha fulana zenye picha ya mtoto anacheka, zikaisha, tukachapisha nyingine. Pesa ikatimia, ikapita kidogo.

Wiki ya safari mtoto akashikwa na kifua. Watoto wenye tundu la moyo ndivyo walivyo, homa ya mapafu haiwaachi. Hakufika Dar.

Tulizika, tukakaa matanga pamoja nao. Siku ya hitima, watu hawajatawanyika, ami yake mtoto akaniita pembeni: "Mama, ile pesa ya mwanetu tutaipata lini?" Palepale mfanyabiashara mmoja aliyechangia sana akasikia, naye akasema yeye alitoa kwa ajili ya operesheni, operesheni haikuwapo, arudishiwe. Na mwenyekiti wetu alikuwa na jina la mtoto mwingine mfukoni, yuko wodini anasubiri. Wote watatu wananitazama mie, na mama mtoto kaketi ukumbini kajifunika kanga, anasikia kila neno.

Pesa ilikaa benki muda mrefu tukiitana vikao. Mtaani nikapewa jina baya ambalo sitaliandika hapa. Mwisho tulilipa deni la hospitali na gharama za mazishi, tukawapigia wachangiaji wakubwa mmoja mmoja, wengi wakaridhia ile iliyobaki imtibu yule mtoto wa wodini. Ami hakuridhia na hadi leo salamu yangu haiitikii.

Lakini lililonikata maini ni jingine. Baada ya miezi, mama wa marehemu alikuja kwangu. Nikadhani amekuja kwa ajili ya pesa. Akaniambia: "Dada, naomba zile fulana. Nikienda soko la Mgandini namkuta mwanangu kifuani kwa watu. Juzi nilimkuta kifuani kwa mchukuzi, kalowa jasho." Tulizunguka nyumba hadi nyumba kuzikusanya. Hatukuzipata zote.

Barabara_ya_12
Innalillahi. Mama, shikamoo. Pole sana.

Nahodha_Kigombe
Mnada wa nguru nilikuwapo. Sikujua yaliyofuata. Pole dada yangu.

Mkweli_Daima
Poleni, ila mie nasema ukweli: ami alikuwa na haki. Watu walichanga kwa jina la mtoto wake. Familia imefiwa, ina madeni, mama kaacha genge lake miezi yote ile. Klabu ni nani hata iamue?

Mstaafu_Bandari
Wavuvi walitoa samaki wao mtoto atibiwe, hawakuwa wanarithisha mtu. Ami akipewa, kesho nani atatoa tena?

Mkweli_Daima
Kwa hiyo mfiwa hana thamani kwa kuwa mwanawe kafa?

MamaHazina
Deni la hospitali na mazishi tulilipa, na mama mtoto alipewa cha kuanzia genge. Nilipaswa kuliandika hilo tangu juu. Tafadhalini msigombane kwa ajili ya marehemu.

MjukuuWaMuheza
Ushauri hapa mmoja: kadi ya mchango iandikwe tangu siku ya kwanza, "Pesa ikizidi au isipotumika itamtibu mgonjwa mwingine." Sentensi moja tu. Na familia isaini.

Barabara_ya_12
Mie naona msikusanye kabisa. Hospitali ya serikali inatoa kumbukumbu namba ya malipo, itangazeni hiyo, kila mtu alipe kwa simu yake. Mweka hazina asiguse hata shilingi.

MjukuuWaMuheza
Na nauli ya mama? Na chakula chake Dar? Kumbukumbu namba hailipi ugali.

BintiMabawa
Sura ya mtoto isichapishwe popote, basi. Mie nimekulia kwenye kupewa. Nilipigwa picha na mfuko wa mchele na viatu vya shule nikiwa darasa la tano, picha ikabandikwa ubaoni shuleni kwetu. Viatu nilivivaa, nashukuru, lakini jina nililoitwa lilinifuata hadi sekondari. Anayetaka picha apige gunia.

Mkweli_Daima
Bila picha mfadhili hatoi. Huo ndio ukweli.

BintiMabawa
Mpigie picha stakabadhi. Mfadhili anayetaka lazima aone uso wa mtoto analia, huyo ananunua kitu kingine.

MwanaChumbageni
Turudi kwa vijana wa Makorora jamani. Wanafikiria bahati nasibu, zawadi baskeli.

Mlinzi_wa_Imani
Kamari ni haramu. Hapo hakuna mjadala.

Mstaafu_Bandari
Hapo tuko pamoja, na sheria nayo inadai kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Waachane nayo. Wafanye mnada wa vitu, au wauze chakula: mkate wa kumimina, mhogo na samaki wa kukaanga. Wakajisajili kwanza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, wawe na katiba, na benki watu watatu wa kusaini.

Nahodha_Kigombe
Mie nasema waanze kazi kwanza, makaratasi baadaye. Nimeona vikundi vyenye katiba nzuri havijawahi hata kuzoa taka pwani.

MamaHazina
Pwani wazoe hata kesho, taka hazitaki katiba. Lakini siku watakapopokea shilingi ya mtu, karatasi ziwepo.

Kijana_Makorora
Shikamooni wakubwa. Ni sisi tunaosemwa, tuko tunasoma wote kwenye simu moja. Picha tumeshakubaliana hatupigi nyuso. Mama Hazina, kitabu cha stakabadhi kizuri ni kipi? Dukani tumeoneshwa aina mbili.

MamaHazina
Marahaba wanangu. Chukueni chenye kaboni na namba zilizochapwa tayari, halafu mgonge muhuri wa kikundi. Mkikosea, karatasi msiichane: pigeni mstari, andikeni "imefutwa", ibaki humo humo na nakala yake. Na anayeandika risiti asiwe ndiye anayeshika pesa. Mkikinunua nileteeni nyumbani, ukurasa wa kwanza nitawaandikia mfano.

Kijana_Makorora
Tunakuja Jumamosi baada ya alasiri, inshaallah. Tuje na mhogo?

MamaHazina
Njooni na daftari na kalamu mbili. Mhogo upo.