Tupeane uzoefu: Video ya kamera ya gari ilikusaidia au ilikuumbua ulipodai fidia ya ajali?

Ndugu wadau, nimeanzisha mada hii baada ya dai langu kukaa kwenye kampuni ya bima kwa miezi minne, ilhali video ya ajali ilikuwa mikononi mwangu tangu siku ya kwanza. Niligongwa ubavuni kwenye makutano yenye taa. Taa yangu ilikuwa ya kijani, mwenzangu akashikilia kwamba ya kijani ilikuwa yake, na mashahidi wote wawili walikuwa abiria wake. Nilimtumia ofisa wa bima video kwa WhatsApp nikadhani kazi imekwisha, kumbe video ikipitia huko hubanwa. Taa ikabaki doa jeupe lisilo na rangi. Isitoshe, tarehe iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya miaka kadhaa kabla sijainunua kamera, kwa kuwa sikuwahi kurekebisha saa yake. Mwanasheria wa upande wa pili aliuliza video hiyo ni ya siku gani, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuuliza. Kilichoniokoa ni kadi ya kumbukumbu niliyokuwa nimeichomoa na kuiweka kabatini. Katika faili halisi rangi ya taa ilionekana bila shida, na redio ya gari ilisikika ikianza taarifa ya habari ya siku ileile, hivyo ubishi wa tarehe ukaisha. Naomba mtueleze yaliyowakuta, hasa namna mlivyouhifadhi ushahidi wenu.

Dereva wa lori: Mwenzetu una bahati kwamba uliichomoa kadi. Kamera hizi hurekodi vipande vifupi vya dakika chache, na kadi ikijaa kipande kipya hukaa juu ya kile cha zamani. Kuna kihisi cha mtikisiko ambacho hulifunga faili lisifutwe pale gari linapopata kishindo, nami nilikitegemea hicho. Gari dogo lilijikwaruza kwenye tela langu, lakini lori lenye mzigo halitikiswi na mkwaruzo, kwa hiyo kihisi hakikushtuka na faili halikufungwa. Niliendelea na safari siku mbili nzima kamera ikiwaka, na nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyehama njia, kadi ilikuwa imejaa picha za barabara tupu. Siku hizi nikiguswa kidogo tu, jambo la kwanza baada ya kuhakikisha watu wako salama ni kuzima kamera na kuchomoa kadi, kabla hata ya kupiga picha bampa.

Aliyeumbuliwa: Mimi niliipeleka video kwa majivuno bila kuitazama yote. Niligonga gari lililofunga breki ghafla mbele yangu, na video ilionyesha wazi kwamba kweli lilifunga ghafla. Bahati mbaya, ilionyesha pia mwendo wangu uliosomwa na setilaiti, kilomita 74 kwa saa mahali panaporuhusu 50, na sauti yangu nikizungumza na simu. Lawama iligawanywa, na sehemu kubwa ikaniangukia. Kuna rafiki aliyenilaumu kwa kutokuifuta mapema. Sikubaliani naye, kwa sababu anayefuta ushahidi baada ya kujua kwamba kuna dai humpa hakimu sababu ya kuamini kuwa kilichofutwa kilikuwa kibaya zaidi.

Mkadiriaji wa hasara: Nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu, naomba niseme kidogo kuhusu tunachotafuta. Wengi hutukatia sekunde kumi zenye mgongano, wakati ninachohitaji ni dakika kadhaa za kabla yake, nione nani alikuwa njia ipi na nani aliwasha indiketa. Umbali siukadirii kwa macho, maana lenzi pana huvifanya vitu vya mbele vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Mwendo naweza kuuhesabu hata kama kamera haina setilaiti. Ikiwa kamera inapiga picha 30 kwa sekunde, na gari limetumia picha 15 kupita kati ya alama mbili za barabarani zilizoachana mita 10, basi limekwenda mita 10 kwa nusu sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Hesabu hiyo huharibika kabisa faili likishapitishwa kwenye programu ya kuhariri, kwa sababu programu inaweza kubadilisha idadi ya picha. Nileteeni faili kama lilivyotoka kwenye kadi, na kadi yenyewe muihifadhi.

Mwanafunzi wa sheria: Nyongeza fupi. Ruhusa ya kurekodi na kukubaliwa kwa video kama ushahidi ni maswali mawili tofauti. Nchini Ujerumani, tarehe 15 Mei 2018, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba kurekodi barabara mfululizo bila sababu maalumu kunakiuka sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na bado ikairuhusu video hiyo itumike katika kesi ya madai ya ajali. Kuirusha mtandaoni ikiwa na nyuso na namba za magari ya watu ni jambo jingine kabisa, nami nisingemshauri mtu afanye hivyo dai likiwa bado linaendelea.

Mwenye kamera ya mbele tu: Niligongwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, na aliyenigonga akaandika kwenye maelezo yake kwamba nilirudi nyuma nikamfuata. Nilikata tamaa, kwa kuwa kamera yangu haioni nyuma. Mkadiriaji ndiye aliyenionyesha mstari mweupe wa kusimamia uliokuwa mbele ya boneti: haukusogea hata kidogo mpaka kishindo kiliposikika, kisha gari likasukumwa mbele na mstari ukapotea chini yake.