Ulishawahi kubaki kwenye benchi wenzako wakienda Meza ya Bwana? Tupeane uzoefu

Wapendwa, amani iwe nanyi. Naomba tusimuliane jinsi tunavyoikaribia Meza ya Bwana. Wengine mnaiita Komunyo, wengine Ushirika Mtakatifu, wote karibuni. Naanza mimi.

Kwa miaka mitatu sikushiriki. Hakuna aliyenitenga, nilijitenga mwenyewe. Kila mchungaji aliposoma 1 Wakorintho 11:27 na kufika kwenye neno "isivyostahili", nilijiona natajwa mimi. Nilikuwa nayakumbuka maneno niliyomwambia dada yangu siku tunagawana vitu vya marehemu mama. Trei ikifika safu yetu naipokea kwa mikono miwili, vile vikombe vidogo vinagongana kwa sababu mikono inatetemeka, kisha nampitishia jirani bila kugusa kitu.

Kilichonifungua macho ni kuisoma sura nzima. Pale Korintho watu walikutana kula, wenye nacho wakatangulia, wasio nacho wakaaibishwa. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," ndivyo Paulo anavyowaambia. Kumbe isivyostahili ni namna ya kula! Hakusema aje asiye na doa. Na mstari wa 28 hausemi mtu ajihoji halafu akae chini. Unasema "ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate". Mimi nilijihoji miaka mitatu, hilo la pili sikulifikia hata mara moja. Sasa ni mwaka tangu nirudi mezani.

Ninyi je?

*

Mimi ni Mkatoliki. Kwetu mwenye dhambi ya mauti anapita kwanza kwenye kitubio, yaani kuungama kwa padri, na sioni hilo kama kizuizi, ni mlango. Tatizo langu lilikuwa mazoea. Benchi likisimama nasimama, foleni ikisogea nasogea. Kuna Jumapili hostia, ule mkate mtakatifu, haijayeyuka ulimini, nami nimeshaanza kupanga shughuli za mchana. Nilishtuka, nikaona haya mbele za Mungu, kwa kweli.

Nikaanza kuitumia vizuri ile saa moja ya kufunga kabla ya kukomunika. Zamani watu walifunga tangu usiku wa manane. Papa Pius XII alipunguza ukawa muda wa saa tatu tu mwaka 1957, na Paulo VI akaifanya saa moja mwaka 1964. Ni muda mfupi, lakini tumbo likikumbuka, na moyo unakumbuka. Halafu kuna yale maneno, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu". Asili yake ni yule akida, mkuu wa askari wa Kirumi, wa Mathayo 8, na hakuwa akijiombea mwenyewe, alimwombea mtumishi wake mgonjwa. Tangu nilipoligundua hilo, kabla sijainuka namtaja mgonjwa mmoja moyoni.

*

Kwa ufupi tu, nimekulia Ulutheri. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inasema kufunga na kujiandaa kimwili ni vizuri, ila anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu". Nilikariri hilo nikiwa kipaimara. Nimelielewa siku ya kwanza kushiriki baada ya kumzika mume wangu, mchungaji aliponikabidhi mkate na kunitazama usoni.

*

Sisi Waadventista kabla ya mkate tunaoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake katika Yohana 13. Tunaiita huduma ya unyenyekevu, na kwa kawaida huwa mara moja kwa robo mwaka.

Robo moja nilikuwa sisalimiani na dada mmoja wa kwaya. Sababu nikiiandika hapa mtashangaa ilivyo ndogo. Nilitafuta mwenza wa kuoshana naye upande wa mbali kabisa wa chumba. Nikiwa nainama kufungua viatu, naona beseni linawekwa sakafuni mbele yangu, taulo begani. Ni yeye. Hakusema kitu. Alikinga kisigino changu kwa kiganja, akamwagia maji vuguvugu, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko ninaoufichaga kwa soksi, taratibu, kama mtu anayeogopa kuniumiza. Kabla hajamaliza kukausha mguu wa pili nilikuwa nalia. Zamu yangu ilipofika sikuweza kuomba ile sala ya kawaida, nilisema "nisamehe" tu. Mkate wa siku ile naukumbuka hadi leo.

*

Shalom. Mimi ni mzee wa kanisa, nagawa trei mwaka wa kumi na tisa huu. Nawashukuru wote, ila naomba tusivuke upesi mstari wa 29 wa sura ile ya Wakorintho, pale anapotaja "kutokuupambanua ule mwili".

Kuna Jumapili nilimpelekea trei mwanaume aliyekaa benchi la mbele. Akachukua mkate, akachukua kikombe, ametulia. Mkewe alikuwa amekaa nyuma kabisa, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, jicho limevimba. Yeye ndiye aliyetikisa kichwa kukataa. Nikapita. Aliyestahili kufarijiwa ndiye aliyejiona hafai, na aliyempiga alikula kwa utulivu, nami ndiye niliyemhudumia. Jioni ile nilimweleza mchungaji, mume akaitwa akasimamishwa kushiriki, na yule mama akapata watu wa kukaa naye. Lakini ile trei inaniuma bado. Mwili wa Bwana alioutaja Paulo ulikuwa pia umekaa benchi la nyuma, na mimi niliuona nikaendelea kugawa.

Kwa hiyo hofu iwepo, ila imwangukie anayestahili kuogopa. Na wewe binti uliyeanzisha mada, niruhusu nikuulize kama baba: umerudi mezani mwaka sasa, na dada yako je?

*

Mzee, shikamoo, na asante kwa kuniuliza. Nimekaa na swali lako tangu mchana. Ukweli ni kwamba nilitubu kwa Mungu, kwa dada yangu sikwenda. Mathayo 5:24 naijua kwa kichwa, "upatane kwanza na ndugu yako", na kila mara nilijiambia yuko mbali, ana mambo yake.

Nimempigia leo saa mbili usiku. Imeita hadi ikakata. Nimeandika ujumbe kwamba kile kitenge cha mama nilichomnyang'anya bado ninacho, hakijawahi kuvaliwa, na ni chake. Umesomwa, hajajibu.

Jumapili ijayo ni ya Meza. Kesho nitampigia tena asubuhi kabla hajatoka. Endeleeni kuandika, nasoma zote, na wanaoomba mnikumbuke.